Hurricane 10 kwenye sitaha ya Glorious

Mwishoni mwa Mei 1940, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, Glorious, ilirusha ndege za kivita aina ya Hurricane za Kikosi cha 46 kwenda kulinda eneo la Narvik, kaskazini mwa Norwei. Safari hiyo haikuwa na marejeo. Hurricane iliundwa kwa viwanja vya nchi kavu, na wakubwa waliamini kwamba haiwezi kutua melini.

Haukupita muda mrefu Ufaransa ikaelemewa na Wajerumani, na Waingereza wakaamua kuihama Norwei. Amri ikatoka kwamba ndege zilizobaki ziharibiwe. Kamanda wa kikosi, Kenneth Cross, akaomba ruhusa ya kujaribu kuziokoa.

Ndege za jeshi la majini zilikuwa na kulabu mkiani, iliyonasa nyaya zilizotandazwa sitahani. Hurricane haikuwa nayo, hivyo ilitegemea breki peke yake. Lakini breki zikifungwa kwa nguvu, mkia huinuka na pua ikajikita chini. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi: mfuko wa mchanga wa kilo 6 hivi, uliowekwa mkiani ili kuukandamiza. Meli nayo ilielekezwa upepo unakotoka, ikaenda kwa kasi kubwa, ili ndege isihitaji nafasi ndefu ya kusimama.

Jioni ya Juni 7, Patrick Jameson, rubani kutoka New Zealand, aliongoza ndege tatu za majaribio. Zote zikatua salama. Usiku huohuo, katika mwanga wa jua lisilozama la kaskazini, Cross akafuata akiongoza saba zilizobaki. Hakuna hata mmoja kati ya marubani hao aliyekuwa amewahi kutua melini kabla ya hapo.

Furaha haikumaliza hata siku moja. Alasiri ya Juni 8, manowari za Ujerumani Scharnhorst na Gneisenau ziliikuta Glorious ikiwa haina ndege angani ya kupeleleza wala mlinzi kwenye kilele cha mlingoti. Ikazamishwa pamoja na Ardent na Acasta zilizoisindikiza, ingawa Acasta iliwahi kuipiga Scharnhorst kwa topido. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Walionusurika walikuwa 40 hivi. Kati ya marubani waliotua na Hurricane, walipona wawili tu, Cross na Jameson, waliookolewa na meli ya Kinorwei baada ya kuelea kwenye chelezo kwa karibu siku tatu.

Mwaka 1941 jeshi la majini lilianza kutumia Sea Hurricane zenye kulabu, na mwaka uliofuata likapata Seafire, iliyotokana na Spitfire. Marubani wa Kikosi cha 46 walikuwa wameshaonyesha kwamba ndege za aina hiyo zinaweza kutua melini. Kilichowaangusha si ndege zao, bali uzembe wa meli iliyowapokea.