NENO LETU: Mtuma taka na tapeli

Katika kundi moja la WhatsApp la wauza alizeti na vitunguu hapa Singida, mtu hubandika tangazo lilelile la dawa ya kupunguza unene kutwa nzima. Wenzake hupiga kelele: "Admini, mtoe huyo tapeli!" Kutolewa anastahili, lakini jina hilo si lake. Tapeli ni mlaghai anayekunyang'anya mali kwa hila, kama yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wa dawa anatuma spamu. Neno hilo limetokana na Spam, nyama ya kopo ya kampuni ya Hormel ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, katika igizo lao la mkahawani, walilirudiarudia jina hilo hadi likafunika maongezi yote. Watu wa intaneti wakaliazima kwa ujumbe unaomwagwa ovyo bila kuombwa.

Kwa Kiswahili tunasema "ujumbe taka", na mtumaji wake anaweza kuwa mfanyabiashara halali aliyekosa adabu tu. Mzushi naye ni mwingine: hueneza uongo hata kama hauzi kitu. Tofauti hizi zina kazi. Mtuma taka huonywa, akirudia hutolewa. Tapeli ukimtoa tu, atahamia kundi la Manyoni au Iramba. Ujumbe wake upelekwe 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuripoti utapeli, kisha ndipo atolewe.