Mnyororo wa Futi 66 (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Muuza skrapu wa Kitale ameniuzia mnyororo wa kupimia ardhi, uliotoka katika stoo ya shamba la zamani la walowezi. Kuka, babu yangu, ameuona, akasukuma sahani kando, akaamuru turudi Kimilili jioni hiyo hiyo.

SASA ENDELEA...

Matatu ilipita Kiminini, ikavuka Kamukuywa na kuingia Bungoma, Kuka hajasema neno. Gunia la mnyororo alilipakata kama mtoto mgonjwa. Kondakta alipotaka kulirusha nyuma, Kuka alimkazia lile jicho ambalo wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana wajukuu, hawajalisahau.

Nyumbani alilimwaga sakafuni.

"Huu alibuni Edmund Gunter, mwaka 1620. Profesa wa elimu ya nyota, London. Viungo mia moja, futi 66. Urefu mnyororo mmoja, upana kumi, hiyo ni ekari. Hata asiyejua kugawanya anapata jibu."

"Kuka, profesa wa nyota anaingiaje kwenye mashamba ya Trans Nzoia?"

"Tulia, mama. Wakati ule wasomi wao walianza kusema kila kitu kipimwe, kihesabiwe, hata utawala. Daktari mmoja, William Petty, alikuwa akifundisha kupasua maiti Oxford. Cromwell, mtawala wao, alipokosa fedha za kuwalipa askari wake, Petty, aliyekuwa tayari Ireland, alipima, miaka ya 1655 na 1656, mashamba waliyonyang'anywa wenyeji. Askari wakalipwa udongo."

Nikaona anakoelekea. Mwaka 1919 ardhi ya Kenya iligawiwa Waingereza waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, tena kwa bahati nasibu, na Trans Nzoia ikiwemo. Mtindo wa Petty, zaidi ya miaka 260 baadaye.

"Na yule mwanafalsafa wao, John Locke?" niliuliza. Chuoni tulifundishwa kwamba ndiye baba wa uhuru.

Kuka alicheka cheko kavu. Locke, naye tabibu, alichapisha mwaka 1689 kwamba ardhi ni ya aliyeitolea jasho, na iliyoachwa pori haina mwenyewe. Walowezi walishuka Kitale na nusu hiyo. Nusu ya pili, kwamba serikali inayochukua mali ya watu bila ridhaa yao imepoteza haki ya kutawala, waliiacha melini.

"Elijah Masinde, yule wa Dini ya Msambwa, hakuhitaji Locke kuyajua hayo. Aliyasema hapa hapa Kimilili. Wakoloni walimjibu hoja gani? Mwaka 1945 walimfungia Mathari, na wagonjwa wa akili. Ukishajitangaza kwamba akili ni yako peke yako, anayekupinga utamwitaje?"

Mimi naona anamwonea Locke kidogo. Mwandishi hawezi kubeba dhambi za kila aliyemsoma. Lakini haukuwa usiku wa kubishana.

"Hesabu viungo," aliagiza.

Kila baada ya viungo kumi kuna kibati cha shaba. Niliuvuta polepole chini ya taa. Kumi, kibati. Kumi, kibati. Fungu la saba lilikuwa na viungo kumi na vinne. Nikarudia. Kumi na vinne. Vinne kati yake vilikuwa vinene zaidi, vina alama za nyundo.

Nilitoa simu nikapiga hesabu. Kila upande ulizidi kwa asilimia nne, kwa hiyo shamba lililoandikwa ekari 1,000 lilikuwa limemeza kama 1,082.

"Nani aliviongeza?"

Kuka alikigeuza kiungo kimoja. Pembeni palikuwa na michoro mitatu midogo, sambamba. Akainuka, akashusha darini jembe la marehemu baba yake, mhunzi aliyemlea akiwa mtoto wa pekee, kama anavyotusimulia kila Krismasi. Kwenye shingo ya jembe, michoro mitatu.

"Baba," alisema, akakaa kitako sakafuni.

Simu ikaita mkononi mwangu. Muuza skrapu.

"Dada, umefika? Usiuze ule mnyororo. Kuna bibi kizee hapa ameleta wa pili, una viungo 96. Nimemwambia mzee wako ndiye aliyechukua ule mwingine. Sasa ananishika shati, anataka nimlete kwenu usiku huu. Anasema huyo ni kaka yake."

ITAENDELEA JUMAMOSI