Mbwa mgeni na nyama mbichi

Mkazi wa Kitale au Bungoma anayemchukua mbwa mpya hushawishika kumlisha mapafu na maini mabichi ya machinjioni, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hapo ndipo penye hatari. Viungo hivyo vya ng'ombe, mbuzi au kondoo huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye mabuu ya tegu aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akivila, tegu hukomaa utumboni mwake kwa takriban wiki 6, naye huonekana mzima, akicheza na watoto. Mayai hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza huota uvimbe kwenye ini au mapafu, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Kaskazini mwa Kitale, huko Turkana, maradhi hayo yalienea mno hata Amref ikaanzisha mpango wa kuyadhibiti mnamo 1983.

Wapo wasemao mbwa mwitu hapiki. Ni kweli, lakini halali mlangoni pa mtu.

Viungo hivyo vichemshwe kwa nusu saa, vichanganywe na ugali. Mifupa iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vyenye ncha. Mbwa asiyejulikana alikotoka apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo apewe prazikwanteli. Dawa nyingi za kawaida za minyoo hazimuui tegu huyu.