Asilimia 99 ya Nini? Programu za Kuzuia Virusi na Kompyuta ya Nyumbani

Maabara zinazopima programu za kuzuia virusi, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, mara nyingi huzipa alama zinazozidi asilimia 99. Sina ugomvi na takwimu hizo. Ugomvi wangu ni na mnunuzi anayezichukua kuwa kipimo cha usalama wa nyumba yake, ilhali kilichopimwa ni programu iliyowashwa, iliyosasishwa, na isiyo na mtu wa kubishana nayo. Nyumbani, madhara mengi huingia kupitia hali ambazo kipimo hicho kimeziacha nje.

Kikomo cha kinadharia cha programu hizi kinajulikana tangu miaka ya 1980, pale Fred Cohen alipothibitisha kuwa haiwezekani kuunda programu itakayotambua kila virusi bila kukosea. Ndiyo maana watengenezaji huishi kati ya hatari mbili: wakilegeza masharti, virusi hupenya, wakiyakaza, programu halali hunaswa. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee liliidhania svchost.exe, faili muhimu ya Windows XP, kuwa virusi, na kompyuta zilizoathirika zikawa zinajizima na kujiwasha mfululizo.

Hata hivyo, wataalamu hukipa kikomo hicho uzito mkubwa kuliko kinavyostahili. Tazama STOP, iitwayo pia Djvu, programu ya kuteka faili iliyoanza kusambaa mwaka 2018 na kuwaumiza zaidi watu wa kawaida majumbani. Ilisafiri ndani ya kraki, zile programu za kukwepa leseni. Ikishaingia ilisimba takriban kilobaiti 150 za mwanzo za kila faili, kiasi kinachotosha kuifanya picha au tasnifu isifunguke, kisha ilidai dola 980, au 490 kwa aliyewasiliana na wahalifu ndani ya saa 72. Kuitambua hakukuhitaji miujiza. Lakini maelekezo yanayoambatana na kraki humtaka mtumiaji azime kinga kwanza, naye hutii, kwa sababu hata kraki isiyo na madhara huamsha onyo lilelile. Onyo lisilotenganisha wizi wa leseni na utekaji wa faili humzoeza mtu kulipuuza. Kumwita mzembe hakutoshi: mwanafunzi asiyemudu bei ya leseni amepiga hesabu yake, na mara kadhaa hesabu hiyo imemlipa.

Kwa mtu kama huyo, kununua kinga ya pili hakubadilishi kitu. Defender, kinga ya Microsoft yenyewe, imo ndani ya Windows ikiwa kinga kamili ya virusi tangu toleo la 8 la mwaka 2012, na anayeweza kuizima hiyo ataizima na nyingine. Programu huria kama LibreOffice, inayoondoa haja ya kraki ya programu ya kuandikia, ingemlinda zaidi.

Hata tiba ina mipaka. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua faili zilizosimbwa na matoleo mengi ya STOP, lakini matoleo mapya yalikuwa tayari yameboresha usimbaji. Kwa matoleo hayo mapya, ambaye faili zake zilisimbwa kwa ufunguo uliotoka kwenye seva ya wahalifu hubaki na nakala rudufu tu, mradi isiwe kwenye flashi iliyoachwa imechomekwa, maana STOP huisimba hiyo pamoja na diski.