Kodi ya Chumba: Habari za Nyumba za Kupanga katika Dar es Salaam

Ni vijiji vichache siku hizi visivyokuwa na mwana wao Dar es Salaam. Habari zake zikija, sisi twauliza kwanza afya, na pili kazi. Lakini yeye mwenyewe, tukimsikiliza vema, mara nyingi hutupa habari ya tatu tusiyomwuliza, nayo ni habari ya chumba. Kodi imepanda, mwenye nyumba ataka miezi sita mbele, imempasa ahame tena, aende mbali zaidi na kazi yake. Sisi tulio shamba, ambao kiwanja twapewa na wazee na nyumba twajengewa kwa msaada wa jamaa na jirani, jambo hili ni gumu kutuingia. Twaona mshahara wake ni mkubwa kuliko mavuno yetu, naye haleti kitu nyumbani. Basi twadhani amekuwa mpotevu wa fedha. Kwa hiyo yafaa tuitazame historia ya mji ule, tujue kodi hii imetoka wapi, na kwa nini kila mwaka hupanda wala haishuki.

Mji wa Dar es Salaam si mji wa kale kama Kilwa au Bagamoyo. Sultani Majid wa Unguja ndiye aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, kwa sababu ya bandari yake iliyo salama. Alipofariki mwaka wa 1870, ndugu yake Barghash hakuiendeleza kazi ile, na majumba mengi yakaachwa kuwa magofu. Wadachi wakaja mwaka wa 1887, na mwaka wa 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Mwaka wa 1905 wakaanza kujenga reli kwenda bara, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Penye bandari, reli na boma pana kazi. Na penye kazi watu hawakosi kuja. Wakaja Wazaramo wa karibu, kisha Wanyamwezi, Wamanyema, Wangoni, Wayao na wengine wengi. Na kila mmoja alihitaji mahali pa kulaza ubavu wake.

Serikali ile iliugawa mji kwa namna za nyumba: sehemu moja ilikuwa ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na nyumba za mawe, na ya tatu ya nyumba za udongo na makuti. Ndipo yakatokea majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, jeshi lao la wapagazi lilipiga kambi ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Jeshi hilo kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na ulimi wa watu ukaligeuza jina kuwa Kariakoo. Vita vilipokwisha, viwanja vikapimwa pale, mitaa ikanyoshwa, na watu wakajenga. Kwa habari ya kodi ya chumba, hapa ndipo mahali pa kutazama sana.

Nyumba iliyojengwa Kariakoo ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili. Mbele ina baraza. Ukiingia, mna ukumbi mrefu katikati, na vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu. Nyuma yake ni ua, na uani ndimo mlimo jiko, choo na mahali pa kuogea. Kuta zake zilikuwa za boriti za mikoko na fito, zikakandikwa udongo. Juu makuti, na baadaye madebe yaliyokunjuliwa, hata mwisho mabati. Nyumba ya namna hii yafaa sana kwa jamaa moja kubwa, lakini yafaa vilevile kwa watu sita wasiojuana. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Naye mpangaji hupata mlango wake na ufunguo wake, ila ukumbi, ua na choo ni vya wote. Hivyo mtu mwenye mali kidogo aliweza kupata riziki kwa nyumba yake, bila ofisi wala karani. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, na wazee waliokwisha kuacha kazi. Kodi ya vyumba ndiyo iliyokuwa shamba lao.

Tusidhani kwamba maisha hayo yalikuwa na raha tu. Katika chumba kimoja walilala baba, mama na watoto, na pazia kati. Na mgeni akija kutoka kwao hulala ukumbini. Lakini mwenye nyumba na mpangaji wake walikaa chini ya paa moja, wakavuta moshi wa jiko moja, wakazikana na kuuguzana. Mpangaji aliyekosa kazi mwezi mmoja aliweza kuonewa haya kufukuzwa. Ujirani huo haukuandikwa katika sheria yo yote, nao ulikuwa na nguvu.

Shida kubwa ikaja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake. Vitu vilikuwa haba, bei za chakula na nguo zikapanda, na watu wakazidi kuingia mjini. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 ilionyesha watu 69,227. Ya mwaka wa 1957, watu 128,742. Lakini mishahara haikupanda kwa mwendo huo. Sababu moja ni hii: serikali na mabwana wa kazi walimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa ni mpita njia tu. Walisema mke wake na watoto wake wako shamba, wanalima na kujilisha. Basi mshahara wake uwe wa mtu mmoja, na mahali pake pawe pa kitanda kimoja. Kumbe mtu yule alikuwa na jamaa yake chumbani Kariakoo, naye alitoa kodi ya jamaa kwa mshahara wa mtu mmoja. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari wakagoma kwa ajili ya mishahara na ughali wa maisha, na mgomo ukaenea kwa wafanya kazi wengine, ukafuata njia ya reli hata bara. Baada ya hayo mishahara iliongezwa, na katika miaka ya 1950 serikali ikapima viwanja na kujenga nyumba Magomeni, Temeke na kwingineko. Hata hivyo nyumba zilikuwa chache kuliko watu.

Nchi ilipopata uhuru, serikali mpya ililishika jambo hili kwa nguvu. Mwaka wa 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likabomoa nyumba mbovu na kujenga mpya za saruji na bati. Nia ilikuwa njema. Ila kubomoa nyumba moja na kujenga moja hakuongezi vyumba, na mji ulikuwa umefika watu 272,821 mwaka wa 1967. Kisha mwezi wa Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lililozidi thamani ya shilingi 100,000 likawa mali ya serikali. Wengi walifurahi, maana mji ule ulikuwa umezoea kuona majumba makubwa katika mikono ya wachache. Kodi za majengo yale zikawa nafuu. Lakini mpangaji aliyepata bahati ya kuingia humo hakutoka tena. Na aliyetaka nafasi yake alitozwa kilemba, yaani fedha ya siri ya kupewa ufunguo. Wenye mali nao wakaogopa kujenga nyumba kubwa za kupangisha. Basi nafuu ikawafikia waliokuwa ndani, na mlango ukawa mwembamba kwa waliokuwa nje. Wahenga wasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sheria nayo ni vivyo hivyo. Haijulikani kwa jina lake, ila kwa watu wanaolala ndani yake.

Hesabu ya mwaka wa 1978 ilikuta watu 843,090. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama watu wajijengee wenyewe, ikatengeneza njia na maji Manzese pasipo kubomoa mtaa. Mpango huo ulikuwa na busara, kwa kuwa ulitambua kwamba wenyeji ndio wajenzi wakubwa wa mji. Lakini watu wengi zaidi walinunua vipande vya mashamba ya minazi na mikorosho kwa wenyewe, wakaandikiana mbele ya mashahidi, wakajenga kabla ya mpimaji kufika. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilivyojengwa: chumba kwa chumba, kwa akiba ya mfukoni.

Baada ya hapo mambo yaligeuka tena. Biashara ilifunguliwa katika miaka ya 1980. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1999 ilikubali wazi kwamba haki katika ardhi ina thamani ya fedha, na mwaka wa 2005 sheria iliyozuia kupandisha kodi ikafutwa. Tangu hapo kodi imekuwa mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Kariakoo, ile nyumba ya vyumba sita imekuwa hasara kwa mwenyewe, maana kiwanja chake chaweza kubeba ghorofa nyingi na maduka chini. Wazee wakauza, au wakaingia ubia na matajiri; vyumba vikavunjwa, na wapangaji wakasogea Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na mbele zaidi.

Mtu auliza: kwa nini mwenye nyumba ataka fedha ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja? Wengine ni tamaa, hatukatai. Lakini wengi hawana mkopo wa benki. Kodi ya mbele ndiyo saruji ya chumba cha pili, na mabati ya cha tatu. Kwa maneno mengine, mpangaji ndiye anayemkopesha mwenye nyumba, tena bila faida, naye ndiye maskini katika wawili hao. Juu ya hayo hutoa fedha ya dalali, mara nyingi kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Na akihama mbali apate chumba cha bei ndogo, alichookoa katika kodi hukitoa katika nauli. Huamka saa kumi za usiku apate nafasi katika basi, na hurudi watoto wamelala. Hesabu ya mwaka wa 2022 ilikuta watu 5,383,728. Mwezi wa Machi mwaka huo huo zilifunguliwa nyumba mpya za ghorofa za Magomeni Kota, kwa ajili ya jamaa 644 waliokuwa wameondolewa pale miaka kumi hivi nyuma. Ni jambo la kushukuru. Lakini mtu akilinganisha hesabu hizi mbili aona jinsi kazi ilivyo kubwa.

Katika habari hizi zote twajifunza mambo mawili. La kwanza, kodi hupanda watu wanapoongezeka upesi kuliko vyumba. Wala amri peke yake haikuishusha, ila viwanja vilivyopimwa mapema na njia za kufika kazini. La pili, kila zamani mzigo ulimwangukia yule asiye na kiwanja. Aliambiwa ni mpita njia mwaka wa 1947, na hata leo aishi kama mpita njia, asijue mwakani atalala wapi.

Basi na sisi tulio shamba tuna la kutenda. Mwana akitaka kwenda mjini, tusihesabu naye mshahara tu. Tuhesabu chumba, nauli na maji, na tukiweza tumsaidie ile kodi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowatia vijana wengi katika deni kabla hawajapokea hata senti. Tumfundishe kudai hati ya mapatano na stakabadhi. Tena tutazame karibu nasi. Njia panda zetu, penye soko na kituo cha mabasi, zimekwisha anza kuwa miji, na wageni wanauliza bei ya viwanja. Wazee wa mashamba ya minazi waliuza kipande kimoja kimoja, pasipo kuacha njia wala mahali pa shule, na wajukuu wao leo wapanga vyumba katika ardhi iliyokuwa ya babu. Halmashauri za vijiji vyetu zikikaa sasa na kupima, na kuacha njia, na kuwawekea vijana viwanja vyao, hawatakuwa wapangaji kwao wenyewe.