Fedha Isiyokaa Mkononi

Kiswahili kina mzaha wake: fedha ni hela, na fedha ni ile metali ya bangili. Hapa nazungumzia ya pili, ingawa zote hazikai mkononi.

Askwar Hilonga alizaliwa Gongali, kijiji cha wilaya ya Karatu, jirani na nyanda za Ngorongoro. Maji ya kaskazini unayajua. Volkano zilizotuachia kreta ya watalii ni ndugu na zile zilizotutilia floraidi kwenye visima. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tuliruhusu 4. Ndo maana wengine wanatutambua kwa meno. Na vijidudu vya kuhara navyo vipo.

Hilonga akaenda Korea Kusini kwa shahada ya uzamivu. Kati ya kazi alizofanya na wenzake ni unga wa silika uliopachikwa fedha ili uue bakteria. Kwa nini ipachikwe? Hapo ndipo hadithi inaponoga.

Atomi chache za fedha zikiwa pamoja majini hazina tabia ya bangili. Mwaka 2002 Robert Dickson na mwenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba zikifungiwa ndani ya molekuli kubwa yenye matawi, ukizimulika nazo zinatoa nuru yake. Mwaka 2004 kamba ya kuzifunga ikawa DNA. Bila kamba zinatafutana, zinashikana, zinakuwa chembe kubwa, na nuru inakufa. Oksijeni inazila. Chumvi nayo hainyamazi: kloraidi yake inanyakua ioni za fedha na kuzigeuza mashapo meupe.

Hakuna anayetaka maji ya kunywa yang'ae, sawa. Lakini kwenye chujio shida ni ileile: fedha isiyoshikiliwa inaondoka na maji, mnywaji anaimeza, na wewe unabaki na unga mtupu unaouamini bure.

Mwaka 2015 chujio la Hilonga, mchanga pamoja na nanomateria zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali, lilishinda tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Habari nyingi zilishikilia hizo pauni, yaani ile fedha nyingine. Mimi swali langu ni la mama anayeuza maji kwenye kioski: hii dawa ya ndani nibadilishe lini, na nitajuaje kwamba imeisha?