Nani Anaweza Kuikataa Kura? Nambari Nasibu, Blokucheni na Haki ya Bahati Ukambani

Ikisiri

Makala haya yanadai kwamba usalama wa nambari nasibu katika michezo ya blokucheni hautokani na ugumu wa hesabu peke yake. Unatokana na utaratibu unaomnyima kila mhusika nafasi ya kuyaona matokeo kabla ya kujifunga, au kuyakataa baada ya kuyaona. Hoja inajengwa juu ya kura za zamu katika vyama vya kuchangiana vya Kitui na Makueni, huko Ukambani, na juu ya kamari ya simu.

Kura ya zamu

Chukulia chama cha watu 20 pale Mwingi au Wote, kila mmoja akichanga shilingi 500 kwa mwezi. Zamu hupangwa kwa kuchomoa vijikaratasi vyenye nambari, na mwenye zamu anabeba 10,000. Fedha hizo zikimfikia mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, zitanunua mbegu za ndengu na kuwalipa vibarua. Zikimfikia Januari, msimu wa kupanda umeshapita na karo inambishia hodi. Kwa hiyo nambari iliyoandikwa kwenye kijikaratasi ina thamani, na penye thamani hapakosi kishawishi.

Ndiyo maana kura hiyo ina masharti. Majina ya wanachama huorodheshwa kwanza. Karatasi hukunjwa kwa namna moja na kutikiswa katika kofia au sufuria, watu wote wakitazama. Na aliyechomoa haruhusiwi kuirudisha aliyoipata. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahaulika upesi mno na wabunifu wa michezo ya kidijitali.

Daftari lisilo na siri

Blokucheni ni daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi zisizoaminiana. Kila kompyuta huendesha programu ileile kwa taarifa zilezile na lazima ifikie jibu lilelile. Hapo ndipo ugumu unapozaliwa: mkataba-programu, yaani programu inayojiendesha ndani ya daftari hilo, hauwezi kujirushia dadu, kwa kuwa kila kompyuta ingepata nambari yake na maafikiano yangevunjika. Wala hauwezi kuficha siri ndani ya daftari linalosomwa na wote.

Wabunifu wa mwanzo walikimbilia kilichokuwa karibu: saa ya bloku (fungu la miamala linaloingizwa daftarini kwa pamoja), au heshi yake, yaani alama ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Oktoba 2017 bahati nasibu ya SmartBillions ililipia uamuzi huo. Ethereum, blokucheni iliyoubeba mchezo huo na ambayo sarafu yake ni ether, ilikuwa ikiupa mkataba heshi za bloku 256 za karibuni tu. Ukiuliza ya zamani zaidi, jibu ni sifuri. Mshambuliaji aliweka dau linaloshinda endapo heshi ni sifuri, akasubiri bloku 256 zipite, kisha akadai ushindi. Ether 400 zilitoka kabla wenye mchezo hawajazinusuru zilizobaki.

Mei 2021, katika mauzo ya picha za kidijitali za Meebits kwenye Ethereum, mbinu ilikuwa nyingine. Mnunuzi aliandika mkataba wake mwenyewe uliokuwa ukichukua picha, ukikagua kama ni adimu, na ukibatilisha muamala mzima kama si adimu. Alirudia hivyo mpaka akapata aliyoitaka, akaiuza kwa ether 200. Nambari hazikuwa na kasoro ya kitakwimu. Kasoro ni kwamba aliyechomoa aliruhusiwa kurudisha karatasi.

Bei ya kukataa

Mwaka 1981 mtaalamu wa kompyuta Manuel Blum alionyesha jinsi watu wawili wasioaminiana wanavyoweza kurusha sarafu kwa simu: mmoja anajifunga kwa jibu lililofichwa, mwenzake anabashiri, kisha siri inafunuliwa na kukaguliwa. Mpango huu ni imara, ila una ufa mmoja. Anayefunua mwisho huyaona matokeo kabla ya wengine, na yakimchukiza anaweza kunyamaza.

Ufa huo ungali hai. Tangu Septemba 2022 Ethereum huchanganya michango ya nambari kutoka kwa wathibitishaji wake, yaani wanaotoa bloku, mmoja baada ya mwingine kila sekunde 12. Aliye wa mwisho kabla ya nambari kutumika anaweza kuacha kutoa bloku ili matokeo yabadilike, na hasara yake ni ujira wa bloku hiyo. Hivyo chanzo hicho kinatosha kwa mchezo wa zawadi ndogo, lakini hakitoshi pale zawadi inapoupita ujira huo kwa mbali. Usalama hupimwa kwa kulinganisha zawadi na bei ya kukataa.

Dawa mbili zinafaa kutajwa. Ya kwanza ni nambari yenye uthibitisho, iliyopendekezwa na watafiti Micali, Rabin na Vadhan mwaka 1999: mwenye ufunguo hawezi kuchagua jibu, na yeyote anaweza kulikagua, ingawa bado anaweza kunyamaza. Ya pili ni kuugawa ufunguo kwa taasisi nyingi, kama ufanyavyo mtandao wa drand ulioanzishwa mwaka 2019. Idadi iliyowekwa ikishiriki, nambari hutoka hata wengine wakigoma. Mimi naiunga mkono hii ya pili kwa michezo ya umma, kwa sababu ndiyo inayoziba ufa wa mnyamavu.

Kindege kwenye skrini

Kijana wa Kibwezi hahitaji kumiliki ether ili haya yamguse. Mchezo wa Aviator, uliosambaa sana Kenya, hauko kwenye blokucheni, lakini umerithi mbinu za kamari ya Bitcoin. Kindege kinapaa, kizidishi kinapanda, na mchezaji anatakiwa kutoa hela kabla hakijatoweka. Ukigusa kizidishi cha raundi iliyopita, unaonyeshwa mbegu ya seva (mbegu ni data ya kuanzia hesabu), mbegu za wachezaji watatu wa kwanza, na heshi iliyozaliwa kwa kuziunganisha.

Ukaguzi huo una maana, lakini una mipaka. Katika mpango wowote wa aina hii, anayeijua mbegu ya seva asiwe na njia ya kuingia miongoni mwa wachezaji hao watatu. Akipata njia, anaweza kuchagua mbegu ya mwisho inayomfaa. Heshi haiwezi kuthibitisha kwamba njia hiyo haipo.

Tena nambari safi haiufanyi mchezo kuwa na faida kwa mchezaji. Aviator hutangaza marejesho ya asilimia 97. Anayeanza na shilingi 100 na kuzicheza zote tena na tena kwa raundi 20 atabaki, kwa wastani, na takribani 54.

Hitimisho

Kenya ilisimamia kamari kwa sheria ya 1966 hadi ilipopitisha Sheria ya Kudhibiti Kamari mwaka 2025. Mwaka huohuo ikapata pia sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Lakini afisa anayeshuhudia pipa la tiketi likizungushwa huliona pipa, ila programu ya mchezo wa kidijitali haioni. Kwa hiyo leseni ya mchezo wowote wa bahati ishurutishe mambo matatu: madau yafungwe kabla chanzo cha nambari hakijatoa nambari ya raundi hiyo, nambari itoke kwa kundi ambalo hakuna mwanachama wake anayeweza kulizuia peke yake, na mchezaji aweze kuikagua kwa simu yake kwa lugha anayoielewa. Mwendeshaji akishindwa kueleza ni nani anayeweza kuyakataa matokeo, na kwa gharama gani, asipewe leseni.